Kijiti cha Banjo ya Papa Evariste

Papa Evariste aliniletea banjo yake nimbadilishie nyuzi, basi. Dada yake Martine alikuwa amefariki asubuhi ile, na kesho yake mzee alitakiwa kumpigia kilioni, hapa mtaani kwetu Kikula, kama alivyowapigia wazazi wao wote wawili.

"Weka tu kamba ya mupya," aliniambia. "Kale kamuti usikaguse."

Kamuti ni kile kijiti kinachosimama juu ya ngozi na kuinua nyuzi. Cha kwake kilikuwa kirefu mno, nyuzi zimekaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Mimi napiga gitaa la umeme kanisani, watu wananisifu, na kichwa kilikuwa kimenivimba siku nyingi. Nikajisemea, mzee huyu anajitesa bure. Nikachukua msasa, nikakipunguza kijiti hadi nusu. Nikajaribu kwa vidole vyangu vya kanisani, vilivyozoea spika na kugusa taratibu: tamu. Sikumwambia kitu, nilitaka ashangae mwenyewe.

Kilioni hakuna spika. Papa Evariste hupiga kwa nguvu, kidole gumba na cha shahada, ili sauti iwafikie hata akina mama walioketi nyuma kabisa. Alipozigusa tu, nyuzi zikaanza kugonga mti wa shingo ya banjo: krr, krr. Akaanza upya. Krr. Mtu mmoja akacheka, wengine wakatazama chini. Alijaribu mara ya tatu, kisha akainuka, akamwomba dada yake radhi mbele ya watu wote.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilijua ni mkono wangu. Aibu ilinishika, na bado sikukiri.

Wiki ile ile nilichonga kijiti kipya, kirefu kama cha kwanza, nikaenda kwake kuungama yote. Nilimkuta ameshaifunga banjo kwa kitambaa.

"Kamata, mwana," alisema, akinikabidhi. "Banjo haina kosa. Ni vidole yangu njo imekwisha. Hata Martine nilishindwa kumuaga. Weye uko kijana, utaipiga muzuri."

Kijiti kilikuwa mfukoni mwangu. Ilitosha kukitoa.

"Aksanti, papa," nikasema.

Nyumbani nilikisimamisha, nikapiga kwa nguvu kama yeye. Sauti ikatoka safi, ikavuka ukuta. Nikaziba nyuzi haraka kwa kiganja. Papa Evariste anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na masikio yake ni mazima.