Ngolo Ishirini na Nane

"Ninayoyasema hapa ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata neno moja, radi inipige nikiwa nimevaa koti langu la misa."

Hivyo ndivyo Mzee Kilian Kapinga alivyofungua ujumbe wake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watu thelathini na saba wa kundi hilo walipoona maneno "kweli tupu" walivuta viti. Tangu astaafu ukarani wa ghala la kahawa, Kilian alikuwa ameshawaambia kwamba aliwahi kukimbizana na chui kutoka Kigonsera hadi Kitai na chui ndiye aliyechoka. Ushairi alijifundisha mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwenye vidole huku akipima magunia. Safari hii aliandika:

*Nilipofika minane, jembe nikajishikia,*
*Ngolo ishirini nane, mapema nikafukia,*
*Dafrosa naye mnene, kivulini kalalia,*
*Mbele ya watu ninene: mimi nimesaidia.*

Dafrosa ni dada yake, amemzidi miaka miwili. Aliolewa huko chini ziwani, Liuli, miaka arobaini na moja iliyopita. Ubeti haukuja bure. Mama yao, Bibi Lusia, alikuwa anatimiza mwaka kaburini, na siku ya misa ya kumbukumbu jembe lake lilikuwa litolewe. Lilikuwa jembe lililolika hadi kubaki kama mwiko, mpini wake umeng'aa kwa viganja. Kabla ya kufa Bibi alisema, "Jembe langu apewe yule mwanangu aliyekuwa analima na mimi." Hakutaja jina. Huenda aliona hakuna haja.

Kilian alilitaka jembe lile. Alishapigilia msumari ukutani sebuleni, juu ya televisheni.

Jibu la Dafrosa lilifika jioni kwa ujumbe wa sauti. Nyuma yake kuku walisikika wakifukuzwa kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani.

*Mdogo wangu muongo, jembe ulilikimbia,*
*Ukajishika mgongo, "Tumbo!" ukasingizia,*
*Kucha hazina udongo, Mama alishuhudia,*
*Nakuja, funga mlango, ndani ukajifungia!*

Wajukuu walicheka kwa vikatuni vya kila aina. Kilian akaandika, "Wivu." Kisha akaongeza, "Wivu mtupu."

Kulima ngolo, yale mashimo ya mteremkoni, kuna zamu zake. Mwanamume hufyeka nyasi, akazilaza kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima uonekane kama daftari la hesabu. Akimaliza, anakwenda zake. Mwanamke ndiye anayeingia katikati ya kila chumba, akachimba udongo na kuufukia juu ya nyasi, mpaka linabaki shimo lenye kingo nne. Kwa hiyo mtoto wa kiume kudai alifukia ngolo ilikuwa habari nzito, na Kilian alikuwa na maelezo yake. Mama alikuwa na binti mmoja tu, tena mvivu, basi angefanyaje?

Siku ya kumbukumbu, baada ya misa na chakula, walikutana kwenye shamba la marehemu. Ilikuwa Machi, nyasi zimeshalazwa zinasubiri. Mama Emerensiana, mdogo wa Bibi Lusia, aliketi kwenye kigoda na jembe limelala mapajani kwake.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema Kilian.

"Marahaba. Nimesomewa mashairi yenu. Watu wazima hovyo."

"Huyu ndiye aliyeanza," Dafrosa alisema.

"Na wewe ukamalizia. Haya, msinichoshe. Mimi utotoni mwenu nilikuwa nimeolewa Litumbandyosi, sikuona nani alilima, nani alilala. Ngolo kumi huyu, kumi yule. Atakayeonyesha kwamba Mama alimfundisha, achukue jembe. Atakayeshindwa atalima kipande hiki chote, na atasimama alikanushe shairi lake mbele ya watu."

"Na anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi?" Kilian aliuliza.

"Nimesema atakayeonyesha kwamba alifundishwa."

Kilian alisikia alichotaka kusikia. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Dada yake ana miaka sitini na sita, na kwa miaka arobaini na moja amelima mihogo kwenye mchanga. Mikono yake itakuwa imesahau. Yeye, kwa upande wake, alikuwa amemtazama mkewe Otilia akifukia ngolo kila mwaka wa ndoa yao, kutoka barazani, tena siku hizi kwa miwani.

"Mume wangu," Otilia alimnong'oneza, "una uhakika?"

"Shika koti."

Walianza. Ni lazima isemwe kwamba Kilian alichimba vizuri. Udongo uliruka, ukatua juu ya nyasi, kingo zikanyooka. Alipofika ngolo ya nne jasho lilikuwa linamwingia machoni, lakini alipotupa jicho pembeni aliona jambo lililompa nguvu. Kila baada ya muda Dafrosa alikuwa anasimama na kupeleka mkono kiunoni.

"Kiuno hicho!" alimpigia kelele. "Pumzika, dada yangu! Mchanga wa Liuli umekuzoesha vibaya!"

"Lima, mtoto wewe."

"Wajukuu, mleteeni bibi yenu kiti!"

Alifukia ngolo ya kumi wakati Dafrosa yuko kwenye ya sita. Vijana wakapiga vigelegele. Kilian aliegemea mpini, akaanza kutafuta vina vya ushindi kichwani. Vya -ani vilikuwa vinakuja vizuri.

Mama Emerensiana alinyanyuka polepole. Alipita kati ya ngolo za Kilian, akachomeka fimbo kwenye ukingo mmoja, akaufukua kidogo. Akafukua wa pili. Akafukua wa tatu.

"Kilian."

"Naam, mama mdogo."

"Umepanda nini humu?"

"Nimepanda?"

"Maharage yako wapi?"

Kilian alimtazama dada yake. Dafrosa, bila kuinua kichwa, alipeleka mkono kiunoni kwenye fundo la khanga, akatoa maharage, akayamwaga kwenye ukingo, ndipo akayafunika kwa udongo. Hakuwa ameshika kiuno hata mara moja.

Mbegu huingia wakati wa kufukia, na wakati huo mwanamume ameshaondoka. Kilian alikuwa ameondoka kila mwaka tangu utoto wake. Na barazani, hata kwa miwani, kiganja cha maharage hakionekani.

"Nilidhani," alisema, "mbegu zinakuja baadaye."

"Zinakuja na nani?" Otilia aliuliza.

Alicheka kwanza Otilia, akafuata Dafrosa, kisha mteremko mzima. Mama Emerensiana hakucheka. Alimkabidhi Dafrosa jembe kwa mikono miwili, akamgeukia Kilian. "Simama wima. Tunasikiliza."

Kilian alijifuta uso kwa mkono wa shati. Vina vya -ani vilikuwa vimeshamtoroka.

*Nasimama nina haya, jembe nililikimbia,*
*Tumbo halikuwa baya, mimi nilisingizia,*
*Dada, jembe lako, haya, chukua, nakuachia...*

Alikwama hapo. Vidole vyake vilihesabu mizani hewani, havikupata kitu.

"Ubeti una mistari minne," Dafrosa alisema.

"Wa nne unakuja."

"Utaufikiria huku unalima. Anza na hizo kumi zako, zifukue upya zote." Alifungua fundo la khanga na kummiminia maharage kwenye kiganja. "Usimwage rundo. Punje tatu, nne, hapo. Sogeza mguu, unakanyaga ukingo."

Kilian alisogeza mguu, akainama.