Bibi Aliyeitwa Wa Jumbe

Yakoub alipobisha hodi mtaani Mabawa mara ya pili, Bi Tuhfa aliitikia shikamoo yake shingo upande, akamkalisha barazani, ndani hakumtia. Kijana huyu aliyetoka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro alikuja na swali lile lile. Babu wa babu yake Bi Tuhfa aliitwa Jumbe, kama watawala wengi wa pwani ya Mrima enzi hizo. Cheo hicho maana yake nini, na kilitoka wapi?

"Wako wasemao ni mjumbe tu, mtu wa kutumwa," alisema Yakoub. "Wengine wanakiweka pamoja na Zumbe wa Washambaa, mtawala mwenye nchi yake. Nyinyi mliambiwaje?"

Bi Tuhfa akasita. Uwanja wa makaburi ya wazee wake kule Raskazone ulikuwa unamezewa mate na wengi. Akikubali kuwa mzee alitumwa, si kesho ataambiwa ardhi ni ya aliyemtuma? Akaamua kumtega.

"Mwenye nchi. Lakini kaburi hana. Alifia safarini."

Alitazamia kuona jicho la furaha, la mwinda ardhi aliyesikia hakuna kaburi la kumzuia. Yakoub akainamisha kichwa.

"Basi hata pa kumsomea Fatiha hapana."

"Umsomee wewe? Kama nani?"

Yakoub akainua kichwa. "Bibi wa bibi yangu akiitwa Mwanasiti wa Jumbe. Kwetu wengine wanasema alikuwa wa ukoo wake. Wengine wanacheka, wanasema ni kama mbuzi wa Jumbe. Mali yake, ya kununuliwa. Nikaona nikimjua Jumbe, huenda nikatujua na sisi."

Uso ulimwiva Bi Tuhfa. Utotoni aliyasikia majina ya namna ile, na wakubwa wakikonyezana wanyamaze. Akaingia ndani, akatoka na buibui lake, wakapanda bajaji kwenda makaburini.

Raskazone, Yakoub alisimama nje ya ukuta wa makaburi.

"Nilikudanganya," Bi Tuhfa alisema. "Yule pale, chini ya mlangilangi. Pita."

"Nipite kama mtoto wa ukoo, au kama mtoto wa mali yake?"

"Sijui, mwanangu. Waliojua hawakutaka kusema. Vua viatu upite."

Yakoub akapita, akachuchumaa, akasoma Fatiha. Bi Tuhfa aliitikia amina kutoka langoni, lakini macho hakuyafumba. Alimwangalia mikono, isije ikaweka alama ya kudai uwanja, mpaka alipoinuka na kutoka, kisha akalifunga lango kwa mkono wake mwenyewe.