Magoti Yangu Ayutthaya

Mlinzi alishusha kiganja chake mara mbili, taratibu, kama anayetuliza mtoto. Chini. Nilikuwa nimesimama kando ya kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, simu yangu ikiwa mkononi mwake, na sikumwelewa mpaka aliponionyesha bango: anayepigwa picha asiwe juu ya kichwa kile. Wazungu wawili walionitangulia walikuwa wamechuchumaa tu. Mimi nilipiga magoti.

Ilikuwa Oktoba 2017. Nilikuwa nimemaliza chuo Johannesburg mwaka ule, nikachaguliwa kwenda Bangkok kwa mafunzo ya wiki mbili ya kufundisha watoto wa wakimbizi. Niliamini kwamba kila mmoja wetu angerudi kwao na kubadilisha kitu. Lakini wenzangu walitembea wawili wawili, na Jumapili, siku ya mapumziko, nilipanda treni peke yangu hadi Ayutthaya, mji mkuu wa kale. Nilizunguka saa tatu kati ya minara ya matofali iliyoinama na safu za sanamu zisizo na vichwa, zimekaa, mikono mapajani. Tangu asubuhi sikuwa nimezungumza na mtu. Nilipopiga magoti ardhi ilikuwa na joto, na maneno yakanitoka yenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Picha ile nilimtumia mama. Jumapili hiyo alikuwa ametoa ushuhuda kuhusu safari yangu kanisani kwetu, mtaa wa Bellevue, Johannesburg, na simu yake ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Mama Joséline, kiongozi wa kina mama, kabla mama mwenyewe hajaitazama picha vizuri. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi.

"Murielle, mutoto yangu, hapa ulipigia nani magoti? Mama Joséline ameniuliza mbele ya watu wote. Mimi sina jibu."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: nitakueleza nikifika. Aliusoma ujumbe wangu.

Mama hakuja kunipokea uwanja wa ndege. Nilishuka teksi Rockey Street, nikaburuta begi hadi kwenye nyumba yetu iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Nilimkuta kwenye cherehani, akishona sare za kwaya.

"Mama Murielle, mwabudu miti amefika?" Capitoline, msusi wa chumba cha pili, aliuliza kupitia ukuta. "Mwambie avue viatu kwanza."

Mama hakucheka. Alinipakulia ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akarudi kwenye kazi yake. Nikala huku nikieleza: kichwa kile kilianguka zamani, mti ukakikulia, watu huchuchumaa kwa heshima tu.

"Vile vichwa vingine, nani alivikata?"

"Jeshi la nchi jirani. Lilichoma mji."

Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio. "Na wenye mji?"

"Wengine walichukuliwa mateka. Waliosalia walishuka na mto, wakajenga mji mkuu mwingine."

Alikata uzi kwa meno. Sisi tulikimbia vita Uvira, Kongo, nikiwa mgongoni kwake.

"Sasa uniambie kweli. Ulikuwa unapigwa picha tu, ao uliomba?"

Ningeweza kusema picha tu. Alikuwa akinitazama kama mtu anayenisihi niseme hivyo, ili Jumapili asimame na jibu mbele ya Mama Joséline.

"Niliomba, Mama."

"Nani?"

"Mungu wetu. Nilikuwa peke yangu. Sikuwa na mahali pengine pa kuombea."

Aliokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni.

"Ungechuchumaa tu," alisema.

Jumapili iliyofuata alivaa, akachukua Biblia yake, akaenda kanisani bila kuniamsha twende pamoja kama kawaida. Nilikuwa macho. Nilimsikia akivuta mlango polepole sana, akikishika kitasa mpaka mwisho, ili usigonge.