Mstari Mtupu wa Jumanne

Verna Tregenza alikuwa hakai, hatulii. Akiketi, ananyanyuka; akinyanyuka, anakwenda kukata keki za nazi ambazo alikwisha kuzikata. Mkoba ameubana kwapani kana kwamba ukumbi wa mji mdogo wa Wirrabah umejaa vibaka, na ndani yake hamna cha kuibwa ila daftari la safari za gari lake.

Nje, magari ya klabu ya magari ya kale yalipangwa mstari, yameng'arishwa mpaka yanaumiza macho. Wenyewe, wazee watupu, walikuwa kwenye ubishi wao wa kila Jumamosi.

"Gari ni Falcon yangu ya mwaka sitini na saba," alisema Merv Hoskin, mwenyekiti wa klabu, mkate wenye soseji mkononi. "Yaliyobaki yote makopo."

"Kopo ni hilo lako, linavuja oili mpaka kuku wako wanateleza!" alidakia mzee mmoja.

Walicheka, na Merv naye akacheka, akamgeukia Verna. "Haya, katibu wetu atuamue. Na wewe bibie, Holden yako iko wapi leo? Imekugomea?"

"Imepumzika."

"Miaka ishirini haijapumzika, leo ndiyo imechoka?"

Verna akarudi kwenye keki zake.

Magari yale hayana usajili wa kawaida. Hutembea kwa kibali, siku chache tu kwa mwaka, na kila siku ya safari dereva lazima aandike tarehe daftarini kabla ya kuwasha injini. Asipoandika, anaendesha gari lisilo na kibali wala bima. Katika klabu nzima hakuna aliyeshika sheria hiyo kwa meno kama Verna. Mwaka jana Merv alisahau kuandika safari moja, na Verna, katibu, ndiye aliyemshtaki kwa wanachama. Falcon ikafungiwa bandani miezi sita.

Basi Jumanne ya wiki iliyopita, mchana mzuri, Verna aliitoa Holden aizungushe kidogo. Kalamu haikuwa mahali pake. Dakika ishirini tu, alijiambia, nani atajua? Alipofika njia panda ya Tanner aliona kibao cha kuamuru magari yasimame kimelala kwenye nyasi, nguzo imekatika kwa kutu. Alisema moyoni, nikifika nyumbani nitapiga simu halmashauri. Alipofika nyumbani aliutazama mstari mtupu wa daftari, na simu hakuishika.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, Bridie Callanan, binti wa miaka kumi na tisa anayeuza mikate mjini, alipita na gari lake njia panda ile bila kusimama na lori la ngano likamgonga ubavuni. Nyonga ilivunjika mahali pawili. Halmashauri ikasema kibao kiliangushwa na ajali yenyewe. Eti binti alikiona, akakipuuza. Polisi walikuwa tayari kumfungulia mashtaka akiwa bado kitandani.

Tangu siku hiyo Verna alikuwa amekaa mezani na kalamu mara tatu. Gari lilikuwa halijatoka tena, mstari ulikuwa bado unamsubiri, na kuandika Jumanne kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Angekuwa shahidi safi. Lakini shahidi safi angeulizwa kwa nini basi hakupiga simu, na hapo kalamu ilikuwa inamtoka mkononi.

Saa sita mkutano wa kujadili ajali ile ulianza ukumbini. Mhandisi wa halmashauri alisoma taarifa yake kwa sauti laini, akiwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Merv akaruka juu.

"Wakubwa mnaharibu, lawama mnamtupia mtoto! Sisi tunaendesha magari ya tangu enzi za baba zetu, breki za kubembeleza, na hatuui mtu, kwa sababu tunawajibika! Nyie mnawajibika lini?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Verna hakupiga. Mstari wa mbele, Colleen, mama yake Bridie, alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja.

"Kama kuna aliyekiona kibao kimeanguka kabla ya Ijumaa," alisema mhandisi, "aseme."

Walitazamana. Verna alijikuta amesimama.

"Mimi. Jumanne, saa tisa alasiri, nikiwa na Holden yangu. Nguzo ilikuwa imeoza, kibao kiko kwenye nyasi."

"Daftari lako linaonyesha ulitoka siku hiyo, mama?" aliuliza mhandisi.

Akalitoa, akalifungua, akaliinua juu. "Halionyeshi. Nilitoka bila kuandika."

Minong'ono ilipita.

"Na kwa nini hukutupigia simu?"

"Mngeniuliza nilikuwa naendesha gari gani. Niliogopa kunyang'anywa gari. Basi. Hakuna sababu nyingine."

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Merv alinyoosha mkono kupokea daftari. Alikuwa na kila haki ya kumcheka, na hakumcheka. Aibu ilimchoma Verna kuliko kama angetukanwa.

Colleen aligeuka kwenye kiti.

"Verna. Ungepiga hata Jumatano."

"Ndiyo."

"Hata Alhamisi jioni."

"Ndiyo, Colleen."

"Anakuwekea mkate wako chini ya kaunta kila asubuhi, usije ukaisha kabla hujafika. Unajua hilo?"

"Najua."

Colleen akamgeukia mhandisi, ambaye alikuwa ameweka kalamu chini.

"Andika," alimwambia. "Andika kibao kilikuwa chini, mwanangu hana kosa. Halafu uandike jina la huyu, na uandike siku tatu alizonyamaza."

Mhandisi aliichukua kalamu, akauliza jina la ukoo linaandikwaje. Verna akamtajia herufi moja moja, polepole, ili asikosee.