Ukingo wa Pembe ya Mzee Yiamat

Asubuhi ile mkono wa Sumari ulipokataa kazi, pembe ya ugoro aliyokuwa akimtengenezea mzee Yiamat ilikuwa imebakiza nakshi ya ukingo tu.

Sumari alikuwa amekaa barazani kwake, juu kidogo ya Tengeru, mahali ambapo migomba na mibuni imesongamana hata jua linafika chini vipande vipande. Marta, mkewe, alikuwa amemwekea chai. Sumari akanyoosha mkono achukue kikombe, akakiona kinaanguka, akashangaa ni nani aliyekiangusha. Alipotaka kumwita mkewe, jina likamtoka limepondeka. Hospitalini wakasema ni kiharusi, na kwamba ana bahati kimemgusa upande mmoja. Wakamfundisha kutembea kwa fimbo, wakamruhusu arudi nyumbani. Mguu ulirudi polepole. Ulimi nao ulirudi, ingawa kwa uvivu. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia ubavuni, wa kwake na si wa kwake, na kila alipoketi ilimbidi auchukue kwa mkono wa kushoto na kuuweka mapajani kama mtu anavyoweka mzigo.

Kazi yake ilikuwa pembe za ugoro. Alizinunua machinjioni, pembe za ng'ombe, akazichemsha zikalainika, akazikwangua mpaka zikawa nyepesi na zinapitisha mwanga, akazishonea kifuniko cha ngozi, kisha mwisho kabisa akachonga nakshi kuzunguka mdomo. Kung'arisha ilikuwa kazi ya Marta. Jioni nyingi za ndoa yao alikuwa amekaa na kitambaa, majivu laini na mafuta, akisugua pembe mpaka ing'ae. Lakini tupa na kisu hakuwahi kuvishika. Si kwamba alikatazwa. Jambo lenyewe halikuwahi kuzungumzwa.

Siku moja baada ya mvua pikipiki ilisimama nje ya uzio, akashuka mzee Yiamat, mfugaji wa Kiarusha kutoka Olasiti, mrefu, shuka begani, amekunja uso kwa sababu ya tope.

"Shikamoo, mzee," Sumari alisema kutoka kitini.

"Marahaba. Pole, pole sana. Nilisikia habari sokoni, nikasema nije nikuone."

Walizungumza habari za hospitali, za mvua, za majani ya ng'ombe. Lakini macho ya mzee yalikuwa yakienda rafuni, ambako pembe yake ilikuwa imelala. Sumari akaona asimchoshe.

"Ichukue tu hivyo hivyo, mzee. Ugoro hautamwagika."

Yiamat aliinuka, akaichukua, akaigeuza geuza. Ilikuwa pembe nzuri, nyeusi kwenye ncha, rangi ya asali kuelekea mdomoni. Mdomo wenyewe ulikuwa mtupu, umekatwa tu.

"Hautamwagika, ni kweli," alisema. "Ila nikimpelekea hivi atasema nimeiokota."

"Atasema nani?"

"Kaka yangu. Simel."

Hapo mzee akakaa tena, akaeleza. Yeye na kaka yake walikosana baba yao alipofariki, kwa ajili ya mpaka wa shamba huko Ngaramtoni, na tangu hapo wanakutana misibani tu, kila mmoja anasalimia watu wa upande wake. Sasa Simel amezeeka, macho yamefifia, hatoki nyumbani.

"Tulipokuwa wadogo," Yiamat alisema, "aliiba ugoro wa baba, akanionjesha nyuma ya zizi. Tukapiga chafya mpaka mama akadhani ng'ombe wameugua." Alicheka kidogo. "Nataka nimpelekee ugoro. Maneno sina. Na macho yake hayaoni vizuri, ataishika tu kwa vidole. Ndiyo maana nilitaka ukingo wenye nakshi."

Sumari alitazama mkono uliolala mapajani mwake. Alikuwa anatafuta jinsi ya kumwambia mzee aende Kaloleni, kwa vijana wenye mashine, ndipo sauti ya Marta ikatokea mlangoni.

"Itamaliziwa, mzee. Tupe wiki moja."

Mzee alipoondoka, Sumari alimgeukia mkewe. "Itamaliziwa na nani?"

"Na mimi. Wewe utasema, mimi nitakata."

"Mama Joel, hujawahi kukata hata siku moja."

"Na wewe hujawahi kusema hata siku moja. Tutajifunza wote."

Walianza kesho yake. Sumari alimpa kipande cha pembe kilichobaki kwenye kazi nyingine, ajizoeze. Nakshi aliyoitaka ilikuwa ya nusu-mwezi: vijikato vya mviringo vilivyopangana kuzunguka mdomo wote, kila kimoja kimesukumwa kwa tupa nyembamba, kisha chini yake mstari mmoja wa kisu uliojazwa masizi. Alikuwa ameichonga mara nyingi kiasi kwamba hakujua tena anaichongaje. Ndilo lililomshinda. Mkono wake ulikuwa ukijua, na yeye alikuwa akiufuata. Sasa alitakiwa atafute maneno ya vitu ambavyo havikuwahi kuwa na maneno.

"Isukume. Si hivyo. Isukume kama... si kwa bega! Kwa kiganja."

"Nasukuma kwa kiganja."

"Unasukuma kwa bega, nakuona."

Maneno yalikuwa yakimtoka yamelegea, na kadiri alivyokasirika ndivyo yalivyozidi kulegea, na Marta alilazimika kumwomba arudie, na kurudia kukamwongezea hasira. Hata hivyo vijikato vya kwenye kipande cha mazoezi vilianza kufanana. Siku ya tatu wakafunga pembe yenyewe kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, wameizungushia gunia isichubuke. Marta akaweka kisu mdomoni mwa pembe apige alama ya kwanza. Akasita. Akasita tena.

Sumari hakuvumilia. Aliinama, akampokonya kisu kwa mkono wa kushoto, akataka amwonyeshe. Kisu kikateleza. Kikashuka mwilini mwa pembe, kwenye ile rangi ya asali, kikaacha mkwaruzo mrefu kama kidole.

Marta alichukua kisu mkononi mwa mumewe taratibu, akakiweka mezani, akachukua panga na kamba, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sumari alibaki na pembe. Alipitisha kidole gumba juu ya mkwaruzo. Kuufuta kungetaka akwangue pembe yote upya, na pale ilikuwa nyembamba tayari. Akamkumbuka fundi aliyemfundisha, mzee Aristides wa Kaloleni, aliyekuwa akimpiga vidoleni kwa mpini wa nyundo kila alipokosea. Alijiapiza wakati ule kwamba hatamfanyia mtu hivyo. Na kweli hakumpiga Marta. Lakini alitaka vidole vya mkewe viwe vidole vya Sumari. Alitaka aamke siku moja akute mkono wake umehamia kwa mkewe, mzima, na kila kitu kimeendelea. Alilia kidogo, upande mmoja wa uso ukilia zaidi ya mwingine. Kisha akajifuta kwa kanga ya Marta iliyokuwa juu ya kiti.

Marta aliporudi na mzigo wa majani, alimkuta amegeuza kiti. Kilikuwa kimeelekea mibuni, mgongo kwenye meza.

"Ndiyo nini hicho?" aliuliza.

"Kesho utakata. Mimi sitaangalia na sitasema."

"Nikikosea?"

"Mimi nimeshakosea. Nafasi ya kwanza imechukuliwa."

Kesho yake alikaa vile vile, akitazama mibuni. Alikuwa amedhani itakuwa adhabu. Lakini tupa ilipoanza kulia nyuma yake, aligundua anaisikia kazi kama ambavyo hakuwahi kuisikia alipokuwa akiifanya. Mwanzoni sauti ilikuwa ya kukwamakwama, kali, ya mtu anayebana pumzi. Harufu ya pembe ikapanda, kama nywele zilizoguswa na moto. Kijikato cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya kirefu zaidi. Kisha, jua lilipokuwa limeshapanda juu ya migomba, sauti ikabadilika. Ikawa fupi, ya chini, inakwenda na kurudi bila haraka. Hakuwa ameifundisha sauti ile, wala haikuwa ya kwake. Yeye alikuwa akisukuma mara tatu kwa nguvu. Marta alisukuma mara nyingi kwa upole, kama alivyokuwa akisugua kwa kitambaa jioni zote zile.

Mara moja tu alifungua mdomo. "Pumzika, mama."

"Umesema hutasema," Marta alijibu, lakini akapumzika.

Alasiri sauti ikakoma kabisa, kwa muda mrefu mno.

"Baba Joel, geuka."

Aligeuka. Nusu-mwezi zilikuwa zimeuzunguka mdomo karibu wote, za mwanzo zimebanana, za mbele zimepumua. Zilipokaribia kukutana ilibaki nafasi finyu, ndogo kuliko kijikato kimoja, kubwa kuliko kuachwa. Sumari akajua mara moja. Mdomo hupimwa kwa uzi kwanza, ukagawanywa sawasawa. Hakuwa amemwambia. Katika kujizuia kusema, alikuwa amesahau hata lile lililopaswa kusemwa.

"Uzi," alisema. "Nilisahau kukuambia habari ya uzi."

Marta hakuuliza uzi gani. Aliiangalia ile nafasi, akaangalia nje, akachukua kisu. Alichonga kitu kidogo cha mviringo, akakipasua katikati kwa mstari mmoja. Ilikuwa punje ya kahawa.

Sumari alicheka. Kilikuwa kicheko cha nusu mdomo na kilimtoka vibaya, lakini Marta, ambaye hakuwa amekisikia tangu hospitali, aliweka kisu chini akamtazama mpaka kikaisha.

Mzee Yiamat alikuja kama walivyokubaliana. Hakuitazama sana pembe. Alifumba macho, akazungusha kidole gumba kwenye ukingo. Kidole kikasimama.

"Hii ni nini?"

"Kahawa," Marta alisema.

"Kwetu hatulimi kahawa."

"Kwetu tunalima."

Mzee akakubali kwa kichwa, kidole kikaendelea, kikashuka mwilini mwa pembe mpaka kwenye mkwaruzo. "Na hii?"

"Hiyo ni yangu," Sumari alisema.

Yiamat aliifunga pembe ndani ya shuka, akaaga.

Siku zikapita, na Sumari hakusubiri habari. Jioni moja simu ikaita. Alikuwa Yiamat, akipiga kelele kama wazee wengi wapigavyo kelele kwenye simu.

"Nipo Ngaramtoni! Nipo kwake!"

"Amesemaje, mzee?"

"Habari ya mpaka hajaigusa. Wala mimi sijaigusa. Alinusa, akapiga chafya, halafu akaniuliza kama nimekula." Sauti ikapungua. "Nimekula, Sumari. Nimekula kwake."

Nyuma ya mzee kulisikika sauti nyingine, nzito, ya mtu anayenyang'anya simu. Ikauliza, kwa Kiswahili cha kuchaguachagua maneno: "Fundi yupo? Nataka fundi aliyechonga huu ukingo. Kuna kitu hapa nimekishika, sikielewi."

Sumari alitaka kusema kwamba ndiye anayezungumza. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Subiri kidogo, mzee. Yupo zizini. Nampelekea simu."

Akachukua fimbo, akakumbuka hana mkono wa pili wa simu, akaibana simu chini ya kidevu na kushuka ngazi za baraza moja moja. Marta alikuwa anakamua, mikono yote miwili imelowa maziwa.

"Nani?" aliuliza.

"Simel. Anamtaka fundi."

Akaegemeza fimbo kwenye mlango wa zizi, akamwinamia mkewe, akamshikia simu sikioni.