Sauti ya Kesho

Mabingwa wa muziki mtandaoni walikubaliana, jambo ambalo si kawaida yao, kwamba albamu mpya ya Twaiba wa Msambweni ni tendo la ujasiri. Mmoja aliandika kwamba mwimbaji huyu "ameivunja sauti yake kwa makusudi ili atuonyeshe jinsi dunia ilivyovunjika." Twaiba aliisoma sentensi hiyo mara tatu, akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa akalishika koo, kwa sababu makusudi hayakuwapo. Sauti ilikuwa imevunjika yenyewe, siku chache baada ya Idi, na hakuna aliyejua ila yeye na Harrison.

Harrison ndiye aliyekuwa prodyuza wake, kijana wa Nairobi aliyehamia Diani kwa ajili ya bahari na ambaye hajapata kuonekana akiogelea. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya kupanga pale Ukunda, kuta zimebandikwa trei za mayai. Siku ya kwanza ya kurekodi Twaiba aliimba vizuri mpaka alipofika pale pa juu, na pale pa juu hapakuwa na kitu. Upepo mtupu. Akarudia mara kumi. Ya kumi na moja, Harrison akavua vifaa vya masikioni.

"Usijali, madam. Kompyuta itaimalizia."

Kompyuta ikaimalizia. Ikaipandisha sauti mpaka ikawa kama ya mtu anayeimba ndani ya birika, na Harrison akaruka kitini. "Wueh! Hii ni moto! Hii ndio sauti ya kesho!" Basi hilo likawa ndilo jina la albamu. Kila palipokuwa na pengo akatia kitu: mngurumo wa friji ya jirani, mlio wa stima ikikatika na kurudi, mkwaruzo wa mbuzi ya kukunia nazi. Beti za Twaiba, zile zilizokuwa na mwanzo na mwisho na mtu wa kusutwa, alizikatakata kama mchicha, akabakisha "we" na "na" na "ah". Nyimbo zenyewe hazikupewa majina. Zilipewa nambari, mithili ya vyumba vya gesti.

Twaiba alikubali yote. Watu walimwona msanii anayethubutu, kumbe alikuwa amejaa hofu. Hospitali hakwenda, maana daktari angeweza kusema neno, na neno hilo Harrison asingeweza kulikatakata. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na tangu akiwa na kumi na tisa hakuwa na kazi nyingine. Mtu akiuliza Twaiba ni yupi, huambiwa ni yule mwenye sauti. Sauti ikiondoka, ataambiwa nini?

Albamu ikatoka, ikasifiwa. Hoteli moja ya Diani ikawa inaipiga wakati wa kifungua kinywa, wageni wakatikisa vichwa huku wakila mapapai. Harrison akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Lakini Msambweni nao walitaka kuisikia, na katika mambo haya Msambweni maana yake ni wanawake, ukumbini, alasiri, wameketi mikekani kama wako arusini.

Hao wana utaratibu wao. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mwenye kuguswa, au mwenye mtu wa kumgusa, huinuka na noti mkononi, akaja kwa maringo huku akimkazia macho hasimu wake, akamtunza mwimbaji. Hiyo ndiyo sifa; nyingine hawaijui. Na wa kwanza kuinuka siku zote alikuwa Bi Biasha, mwuza viazi vya karai, ambaye kwa miaka kumi na minne alimtunza Twaiba kwa ubeti mmoja tu, wa kumsuta mke mwenza, ingawa mke mwenza mwenyewe alishahamia Kikoneni na huenda hata hakumbuki waligombania nini.

Harrison akabonyeza, spika zikanguruma. Nambari ya kwanza ikaisha, hakuinuka mtu. Ya pili, friji. Noti zilikuwa tayari viganjani, lakini "we" na "ah" zitamsuta nani? Mama mmoja aliinuka nusu, akatazama kushoto na kulia akitafuta ugomvi wa kuuingia, akaketi tena. Twaiba, jukwaani, alifungua na kufunga mdomo akiifuata kompyuta, tabasamu limemganda usoni. Harrison akamnong'oneza kwamba hadhira hii haijakomaa.

Nambari ya nne ilikuwa na mabaki ya ule ubeti wa mke mwenza. Hapo Bi Biasha akainuka, na Twaiba nusura alie kwa furaha. Lakini Bi Biasha hakuja kwa maringo, wala hakumtazama hasimu yeyote. Alitembea polepole mpaka jukwaani, akaushika mkono wa Twaiba, akaitia noti kiganjani, kisha akamfunga vidole kimoja kimoja, jinsi tunavyowapa wagonjwa tunapokwenda kuwatazama.

"Pole, mwanangu."

Twaiba akamwambia hapana, Bi, huu ni mtindo wa siku hizi, hata Ulaya wameusifu.

"Miaka kumi na minne nakaa tayari kuinuka," alisema Bi Biasha. "Nakujua unapovuta pumzi. Leo nimeingoja hiyo pumzi, haikuja. Yamekushika lini haya?"

Katika sifa zote zilizoandikwa, hakuna aliyeuliza hilo. Wanawake wengine nao wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, bila maringo, na kila aliyefika alimfunga Twaiba vidole na kumpa pole. Harrison, pale kwenye spika, aliwaona wamepanga foleni, akainua vidole gumba viwili. Alidhani albamu imepokewa.

"Tangu Idi," alijibu Twaiba kwa sauti yake mwenyewe, ile iliyobaki, nayo ikakwaruza mbele ya watu wote. Machozi yakamtoka. "Naogopa, Bi. Nisipoimba, mimi ni nani?"

Bi Biasha alimfuta uso kwa ncha ya leso.

"Hilo tutalijua tukitoka kwa daktari. Kesho saa mbili nakupitia, na usinifungie mlango."