Kesi ya Taa Inayokonyeza

Taa ya korido ya ghorofa ya tatu ilianza kukonyeza siku za baridi kali, na bweni zima, bila kikao wala ushahidi, likamhukumu Svilen. Hukumu hiyo haikumshangaza mtu. Mwezi wa Oktoba yeye ndiye aliyepaka dawa ya meno vitasa vya milango yote, cha mlezi wa bweni kikiwemo. Basi taa ilipowaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika, kama jicho la mtu mwenye siri, mlezi huyo, Bi Murdjeva, hakujisumbua kuuliza. Alimhamishia Svilen chumba cha wagonjwa, mwisho wa korido: kitanda kimoja na harufu ya iodini.

"Utarudi kwa wenzako siku utakapoacha," alisema.

"Niache nini, mwalimu?"

"Hicho hicho unachojifanya hukijui."

Chumba chenyewe kilivumilika. Kisichovumilika kilikuwa Jumapili jioni, wanafunzi wanaporudi shuleni, mjini Gabrovo, kutoka makwao na machupa ya chakula: pilipili za kuchoma, matango ya siki, jamu ya plamu. Kila chumba huyapanga machupa yake juu ya meza moja, na kila uma huingia kila chupa. Svilen naye alikuwa na chupa, pilipili za siki za bibi yake, alizoletewa na dereva wa basi. Alizila kitandani, peke yake, akisikiliza vicheko vya wenzake kupitia ukutani. Pilipili zilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lililoudhi.

Mgeni wake pekee alikuwa Yasen, aliyekuwa akilala kitanda cha jirani naye, na huyo pia alikuja kugonga mlango tu.

"We Svilen! Izime hiyo, bwana, nina mtihani!"

"Siyo mimi."

"Na dawa ya meno?"

"Ile ilikuwa mimi."

"Haya basi!"

Mawakili wakubwa wangeshindwa kuipangua hoja hiyo.

Jumamosi bweni likabaki tupu. Baba yake Svilen alikuwa Hispania akichuma machungwa, na basi la kijijini kwa bibi halikwenda wikendi. Mshtakiwa akaamua kujisafisha jina. Alikata umeme wa korido, akapanda juu ya meza, akaishusha taa na kuibeba hadi chumbani kwake.

Kwanza alizishuku punje ndogo zinazotoa mwanga ndani ya taa, zile LED. Akazigusa moja moja kwa waya za betri mbili. Zote zikang'aa, hafifu lakini bila hila. Akageukia kisanduku kinachozilisha umeme, ambacho mafundi hukiita draiva. Akakiwasha kwa tahadhari, mkono mmoja mfukoni, na kuweka ncha za mita ya umeme kwenye miguu ya chipu inayokiongoza. Volti zikapanda, chipu ikaamka, volti zikaporomoka, chipu ikalala, ikaamka tena. Chipu hiyo hupewa tonge moja tu la kuamkia, kisha ni transfoma inayopaswa kuilisha. Kati ya tonge na mlo kuna kapasita ndogo, kihifadhi cha umeme, ya kuishikilia isizimie njaa.

Alichomoa umeme, akaimaliza nguvu iliyobaki kwenye kapasita kubwa, akaing'oa ile ndogo na kuipima. Ubavuni iliandikwa maikrofaradi ishirini na mbili. Mita ilisoma moja na ushee. Ilikuwa imekaa kando ya transfoma yenye joto mpaka ikakauka.

"Mheshimiwa hakimu," Svilen alitangaza, "shahidi amepatikana."

Akalehemu nyingine, aliyoitoa kwenye redio mbovu, akairudisha taa darini. Ikawaka, ikatulia. Akasimama chini yake kitambo, akingoja mtu apite. Hakupita mtu.

Jumapili Bi Murdjeva aliinua macho kwenye taa iliyotulia, kisha akayashusha kwa Svilen. "Kumbe umechoka na mchezo wako."

"Mwalimu, ilikuwa hii." Akamwonyesha kapasita. "Imekauka. Nimeibadilisha."

"Fundi wa shule alikuja akashindwa. Kwa nini wewe uweze?"

"Nilipima."

"Svilen." Sauti yake ilikuwa laini, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya. "Sema tu ulikuwa wewe, beba godoro lako, urudi. Sitamwambia mkuu."

Nyuma ya mlezi, mlango wa chumba cha wenzake Svilen ulikuwa wazi. Harufu ya pilipili za kuchoma ilimfikia. Yasen alikuwa ameibana chupa magotini, akipigana na kifuniko.

"Ndiyo," Svilen alisema. "Ilikuwa mimi."

Chumba kililipuka kwa shangwe. Wakamsogezea kiti, wakamsogezea mkate.

"Nilijua! Nilijua, mwehu wewe!" Yasen alimpiga mgongoni. "Ulifanyaje?"

Kwa uso mkavu kama wa kadhi, Svilen akawaeleza jinsi alivyopitisha uzi darini, akaufunga kwenye saa ya mashine kuukuu ya kufulia, na jinsi panya alivyokaribia kuharibu mradi mzima. Hakuna hata neno moja la kweli. Walicheka mpaka machozi.

"Na alivyokuwa anakataa!" Yasen akaigiza sauti ya kilio. "'Siyo mimi, siyo mimi!' Hapo uliniua kabisa, ndugu yangu."

Wakacheka upya. Svilen naye akacheka, akichelewa kidogo, akakata mkate. Alitamani mtu mmoja amuulize kuhusu kapasita. Wakamuuliza uzi ulikuwa wa rangi gani.